Benchi la Tatu

Niko benchi la tatu, kando ya dirisha lililopasuka.
Mutanu amelala pajani mwangu, kiatu kimoja hakipo.
Kwamboka anashika maikrofoni kama anavyoshika mwiko,
chini kabisa, karibu na ncha,
tayari kukoroga.

"Nyumba yangu ina amani," anaanza,
na mabati ya kanisa yanaitikia,
na Mama Ngesa mbele yangu ameshatia mkono mkobani
kutafuta leso.

Mimi naujua wimbo huu ulikozaliwa.
Ulizaliwa juzi, Alhamisi, siku ya maji huku Umoja,
mimi naye hatujasemezana tangu Jumatatu.
Jumatatu alirudi saa sita usiku kutoka studio ya River Road,
elfu nne zimeishia kwenye ngoma na gitaa,
sauti yenyewe bado,
na karo ya Mutanu ilikuwa ndani ya hizo elfu nne.
Nilisema neno. Silirudii hapa, tuko kanisani.
Naye akasema lake.
Kisha nyumba ikanyamaza kama jokofu stima zikipotea:
unashtuka, ndipo unajua
kumbe siku zote lilikuwa likinguruma.

Saa kumi alfajiri mfereji ukakohoa.
Nikamsikia akipanga mitungi,
wa njano, wa buluu, ule uliovunjika mkono,
akaanza kuvumisha, midomo imefumbwa,
sauti ikipanda kadiri maji yanavyopanda.
(Mtungi ukikaribia kujaa huimba juu,
aliwahi kuniambia, zamani, tukichumbiana,
nami nikajifanya nilikuwa najua.)
Akaandika nyuma ya risiti ya tokeni
kwa kalamu ya Mutanu, ya zambarau:
*Nyumba yangu ina amani.*

Niliisoma ameshatoka kwenda kazini.
Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.
Amani ipi?
Mimi ni mwalimu, mkono wangu umezoea kusahihisha.
Kata "ina". Andika "haina".
Kalamu ilikuwa pale pale mezani.
Sijui kilichonizuia;
labda lile doa la maji
lililokuwa limeanza kulila neno "yangu".

Sasa anaingia ubeti wa pili.
Anafumba macho. Anayumba kidogo,
kama mtu aliyebeba ndoo kichwani na ameona jiwe.
"Nyumba yangu iwe na amani."

Iwe.

Silabi moja imezidi.
Okumu kwenye kinanda anateleza, anaruka pigo,
anamtazama, anatafuta mahali pa kuingilia tena.
Waumini hawajasikia. Mikono iko juu,
bado wanasema amina kwa lile la kwanza.
Katika kanisa zima tumesikia wawili,
yule wa kinanda na mimi.
Darasani ningewaambia watoto: tazameni kitenzi,
aliyesema "ina" anatoa habari,
aliyesema "iwe" anaomba.
Miaka tisa niko kwenye benchi hili
nikidhani mke wangu anawapa watu habari zetu.

Baada ya ibada mchungaji anamwita kando.
Mkutano wa Nakuru, siku tatu, nauli mjitegemee,
Bwana atarudisha.
Kwamboka anageuza shingo, ananitafuta.
Mimi naangalia chini ya mabenchi,
kweli kiatu kimepotea,
lakini siangalii kwa sababu ya kiatu.

Mlangoni anasimama kando ya spika.
"Shika huku," anasema.
Neno la kwanza tangu Jumatatu.
Nashika huku.

Ni nzito, ina kutu pembeni, inakwaruza kidole.
Tunashuka nayo kuelekea Mutindwa, yeye kinyumenyume,
mimi nikimwambia: shimo. Kushoto. Waya. Pole, simama.
Mutanu anatutangulia akiruka kwa mguu wenye kiatu
hadi kwa muuza mahindi, akitungoja, akiruka tena.
Ya Nakuru hatujayagusa.
Ya karo pia.
Alhamisi iko mbali, na mtungi uliojaa
umebaki mmoja, ule usio na mkono.
"Pumzika," nasema.
"Bado," anasema. "Tufike kwenye kivuli."